Habari za Kanisa na Serikali katika Nchi Yetu tangu Mwaka 1861

Ndugu Wakristo, na ninyi walimu wenzangu, mwaka huu twakumbuka miaka 100 tangu Dayosisi ya Masasi kutengwa na Zanzibar, mwaka 1926, na miaka 150 tangu Askofu Steere kufika hapa na watu wake, mwaka 1876. Wengine wataandika habari za makanisa na shule na hospitali, na za mapadre waliotutangulia. Mimi nataka kuandika habari za kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni mpaka uliopo baina ya Kanisa na Serikali. Watu wengi hudhani mpaka huu uliwekwa na wakubwa wa siasa wakati wa Uhuru. Sivyo. Sisi tulianza kuutafuta miaka 100 kabla ya Uhuru, na tuliutafuta kwa kuumia.

Yatupasa kwanza kukumbuka walikotoka waliotuletea Injili. Huko Uingereza Kanisa na Serikali vilikuwa vimefungwa pamoja tangu mwaka 1534, Mfalme Henry VIII alipojifanya mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Maaskofu waliteuliwa kwa jina la Mfalme, na baadhi yao wakaketi katika baraza kuu la kutunga sheria, hata leo wanaketi. Basi ilipoundwa misheni yetu ya UMCA, kwa ajili ya maneno ya Dk. Livingstone aliyoyasema Cambridge mwaka 1857, likatokea swali gumu: Je, askofu aweza kuwekwa wakfu kwa ajili ya nchi isiyo ya Malkia? Wanasheria wakabishana sana. Mwisho Charles Mackenzie akawekwa wakfu Cape Town, tarehe 1 Januari 1861, pasipo hati ya Malkia. Hakuwa na liwali nyuma yake, wala askari, wala gereza. Kwa habari hiyo alifanana na mitume kuliko maaskofu wengi wa kwao.

Walakini yaliyompata yatufundisha kwamba kukosa hati ya Serikali si sawa na kukosa tamaa ya kutawala.

Mwezi wa Julai 1861 Askofu Mackenzie na wenzake walikuwa wakipanda kutoka mto Shire, Livingstone akiwaongoza. Walipokuwa katika kijiji cha Mbame ukatokea msafara wa watumwa, wamefungwa makongwa shingoni. Wenye msafara walipowaona Wazungu wakakimbia. Watumwa 84 wakafunguliwa, na ile miti ya makongwa wakaipasua wakaipikia chakula. Askofu hakuwapo saa ile, alikuwa amekwenda kuoga mtoni. Aliporudi na kuona yaliyotendeka akafurahi, akakubali. Nani asingefurahi? Mimi nisomapo habari hii huona moyo wangu ukifurahi pamoja naye.

Lakini watu wale 84 hawakuwa na pa kwenda, wakawa wake. Akawachukua mpaka Magomero, mahali alipopewa na jumbe Chigunda, akawajengea, akawalisha, akawaamulia mashauri yao. Kwa siku chache tu mchungaji akawa jumbe. Naye jumbe hana budi kulinda watu wake. Wamang'anja waliokaa jirani walikuwa wakishambuliwa na Wayao, wakaja kumsihi Askofu awasaidie kwa bunduki. Livingstone alikuwa amemshauri asijiingize katika magomvi ya wenyeji. Askofu akafikiri, akaomba, akawaapisha wale majumbe kwamba hawatauza tena watu. Ndipo akaenda vitani pamoja nao. Hiyo ilikuwa Agosti 1861. Vijiji vya Wayao vikachomwa moto. Akaenda mara ya pili, vikachomwa tena. Yeye mwenyewe aliandika katika barua kwao kwamba alikuwa akitembea na bunduki katika mkono mmoja na fimbo yake ya kiaskofu katika mkono wa pili, akatafakari jinsi vitu hivyo viwili visivyopatana.

Mimi ni Myao. Waliochomewa nyumba ni ndugu za babu zetu waliokuja kukaa huku Masasi na Tunduru. Siandiki hivi kwa kulaumu, maana babu zetu walikuwa wakiuza watu, jambo hilo si siri, wala haifai kulificha katika kitabu cha jubilei. Nasema tu kwamba mara ya kwanza Wayao walipokutana na askofu wa misheni yetu, walisikia bunduki yake kabla ya kusikia mahubiri yake. Mlio wa bunduki husikika mbali, na hukumbukwa muda mrefu.

Askofu Mackenzie alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, penye makutano ya mto Ruo na Shire, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa zote kupotea. Huko Uingereza habari za vita zilipofika wengi walishtuka. Dk. Pusey, mwalimu mashuhuri wa Oxford, alipinga wazi kwamba mhubiri wa Injili asiue mtu kwa ajili ya kazi yake. Wengine walimtetea marehemu, wakisema: Je, angetazama tu watoto wakifungwa kamba? Swali hilo ni zito, wala sioni kwamba lilijibiwa vema na upande wowote. Askofu wa pili, Tozer, alilijibu kwa miguu: aliondoa misheni katika nchi ile, akahamia Zanzibar mwaka 1864, palipokuwa na Sultani mwenye nchi yake, na misheni ikawa mgeni tu.

Huko Zanzibar Kanisa likakua chini ya utawala wa Kiislamu, jambo ambalo wenzetu wengine husahau. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na juu ya kiwanja kile kanisa kuu likajengwa. Askofu Steere, aliyelisimamia, alikuwa amesoma sheria kabla ya kuwa padre. Watu humkumbuka kwa ajili ya Kiswahili chake. Mimi humkumbuka pia kwa kuwa alijua maana ya hakimu na maana ya kasisi, wala hakuzichanganya kichwani mwake.

Hata mwaka 1876 akawachukua watu waliowekwa huru, akashuka Lindi, akapanda nao bara. Nia ilikuwa kwenda kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi watu wakapenda nchi, wakakaa. Hapo shauri la Magomero likarudi tena: watu wasio na jumbe, katika nchi isiyo na Serikali, na padre katikati yao. Akiiba mtu kuku, nani atamhukumu? Akimpiga mkewe, nani atamkemea? Kila mtu alimtazama padre.

Katika miaka hiyo hiyo misheni nyingine zilijibu swali hili vibaya. Huko Blantyre, misheni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1876, wakubwa wa misheni wakajifanya baraza la hukumu. Mwaka 1879 mtu mmoja aliyeshitakiwa kuua aliuawa kwa hukumu yao. Mwingine aliyeshukiwa wizi alipigwa viboko hata akafa. Habari zikatangazwa Uingereza mwaka 1880, watu wakatumwa kuchungua, na mwaka 1881 mkuu wa misheni ile na wenzake wakaondolewa kazini. Huko Freretown karibu na Mombasa pia, kijiji cha watumwa huru cha CMS, viboko na gereza la misheni vilileta aibu katika miaka hiyo. Tafadhali fikirini jambo hili: watu waliokombolewa katika viboko vya mwenye kuwauza wakapigwa viboko vya mwenye kuwabatiza.

Masasi jaribu lilikuja kwa njia nyingine. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, walioitwa wakati ule Magwangwara, wakaushambulia mji wa misheni. Padre Chauncy Maples alikuwapo. Hapakuwa na vita kama vya Magomero. Nyumba zikaharibiwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baadaye Padre Porter akawafuata Wangoni katika nchi yao, akaenda kuwakomboa mateka kwa mali. Linganisheni, wasomaji, safari hiyo na ile ya Agosti 1861. Misheni ilikuwa moja, na watu waliowaendea ni wale wale waliochukuliwa utumwani. Mmoja alikwenda na bunduki na fimbo. Mwingine alikwenda na nguo za fidia. Wako watakaosema kwamba Masasi hawakuwa na nguvu za kupigana. Huenda ni kweli. Lakini Wangoni baadaye walipokea Injili bila kukumbuka kijiji chao kilichochomwa na askofu.

Baada ya shambulio lile wengine wakahamia Newala, penye jumbe Matola. Nako Chitangali akatumwa Cecil Majaliwa, Myao, aliyekuwa mtumwa akawekwa huru, akapewa upadre mwaka 1890. Alikaa katika nchi ya sultani wa Kiyao, Nakaam, aliyebatizwa akaitwa Barnaba. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mambo yalipoanza kukaa mahali pake: palikuwa na mwenye nchi, na padre hakuwa mwenye nchi. Majaliwa hakuwa na kijiji cha watu wake wasio na pa kwenda. Aliingia katika nchi ya watu wenye mkubwa wao, akahubiri. Kazi yake ilizaa kuliko kazi za wengi waliokuwa na vijiji vyao wenyewe.

Kisha wakaja Wadachi, na Serikali ya kweli, yenye kodi na maakida na kamba. Nisiseme mengi juu yao. Vita vya Majimaji vilipofika kwetu, mwishoni mwa Agosti 1905, misheni ya Masasi ikachomwa, ijapokuwa mapadre wake walikuwa Waingereza wala si Wadachi. Waliochoma hawakupambanua baina ya Mzungu wa kanisa na Mzungu wa boma. Je, twaweza kuwalaumu? Mtu aliyeona boma na kanisa vikija kwa njia moja, hana darubini ya kuvitenga. Na vita vikuu vilipoanza mwaka 1914 Wadachi nao hawakupambanua: wamisionari Waingereza wa UMCA wakawekwa kizuizini, Kiboriani na baadaye Tabora, mpaka Tabora ilipochukuliwa Septemba 1916. Miaka hiyo miwili kundi lilitunzwa na mapadre na walimu Waafrika. Jambo hili lastahili kitabu chake peke yake.

Sasa nimefika kwa Askofu Frank Weston, ambaye nchi hii ya Masasi ilikuwa chini yake tangu mwaka 1908 hata alipokufa Hegongo, tarehe 2 Novemba 1924. Wakati wa vita aliwaandikisha wapagazi wa Zanzibar kwa ajili ya jeshi la Waingereza, akaandamana nao mwenyewe mwaka 1916, akiwa na cheo cha meja, ili wasiteswe. Wapagazi wa vita ile ndio walioacha jina la Kariakoo huko Dar es Salaam. Basi Askofu wetu alikuwa karibu sana na Serikali yake. Tena aliandika barua kwa Jenerali Smuts, ikachapishwa, kuonyesha jinsi Wadachi walivyowatumikisha Waafrika kama watumwa. Kitabu hicho Waingereza walikipenda. Yawezekana askofu kusema juu ya Serikali ya adui bila kupoteza rafiki hata mmoja.

Lakini mwezi wa Oktoba 1919, Gavana Northey wa Kenya akatoa waraka. Maofisa wa Serikali waliambiwa wawahimize Waafrika watoke kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na majumbe wasaidie. Na majumbe waliosaidia na wasiosaidia waandikwe majina. Hata wanawake na watoto walitajwa kwa kazi iliyo karibu na kwao. Neno lilikuwa kuhimiza. Lakini jumbe ajuaye kwamba jina lake litaandikwa, hahimizi, analazimisha. Kila mwalimu aliyewahi kupokea waraka kutoka juu ajua maana ya neno hilo.

Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda, pamoja na Dk. Arthur wa misheni ya Waskoti, wakajibu kwa maandiko. Walionyesha ubaya wa waraka, lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo, ikiwekwa kwa sheria iliyo wazi, ikawa na mipaka. Walikuwa watu wema. Waliishi karibu na Serikali ile, walizungumza na maofisa wake, wakajua yale yanayowezekana. Nadhani ndilo lililowadhuru: walijua mno yanayowezekana.

Weston hakukubali. Alisema kumlazimisha mtu kwa ajili ya faida ya mtu mwingine ni dhambi, wala sheria haiwezi kuifanya isiwe dhambi. Mwaka 1920 akachapisha kijitabu, akakipa jina la kuwachoma wenzake: The Serfs of Great Britain, maana yake watumwa wa shamba wa Uingereza. Yaani yale aliyowalaumu Wadachi, aliwaambia watu wa kwao: nanyi ni vivyo hivyo. Akaenda Uingereza mwaka ule kwa mkutano wa maaskofu wa Lambeth, akazidi kuisema habari hii. Askofu Mkuu Davidson na J. H. Oldham wakaipeleka kwa waziri wa makoloni. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wakati ule, akatoa amri kwamba maofisa wa Serikali wasijihusishe kuandikisha watu kwa kazi za watu binafsi. Haikuwa mwisho wa taabu zote za kazi katika Kenya, la hasha. Lakini waraka ule ulivunjwa nguvu.

Ndugu zangu, angalieni. Askofu Mackenzie alikuwa na bunduki, akachoma vijiji, na biashara ya watumwa ikaendelea vile vile. Askofu Weston hakuwa na kitu ila kalamu, na Serikali iliyotawala bahari ikageuza amri yake. Wala asingaliweza kusema maneno yale kama yeye mwenyewe angekuwa na mashamba ya kulimiwa kwa lazima, au baraza la kuwapiga watu viboko.

Baada ya hapo hatari ikaja kwa njia ya upole zaidi, nayo ni fedha. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya Mwingereza katika Tanganyika ilianza kuzipa shule za misheni msaada wa fedha, na pamoja na fedha wakaja wakaguzi. Walimu wakapata mishahara bora, na watoto wakapata vitabu. Lakini mwalimu aliyekuwa akifundisha katekisimu asubuhi na hesabu baadaye, polepole alianza kujua ni kipi kinacholipiwa. Mwaka 1928, Askofu Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia Wakatoliki waliokutana Dar es Salaam kwamba ikiwa hawawezi kufanya kazi zote mbili, heri waziache kanisa zao nyuma kuliko kuacha shule. Hata sisi wa UMCA tulifanya vivyo hivyo mara nyingi, ijapokuwa hatukusema kwa sauti.

Kwa hiyo Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule zetu chini ya Serikali, Chidya na nyinginezo, wazee wengi walilia. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Miaka mingi nilidhani alikuwa akililia shule. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akilia kwa sababu siku ile ndipo alipoona jinsi kanisa la kijiji chake lilivyokuwa limebaki dogo, tena bila mwalimu, kwa kuwa mwalimu alikuwa amekwenda pamoja na shule.

Leo Katiba ya nchi, katika ibara ya 19, yasema kila mtu yu huru katika imani yake, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Maneno hayo ni mafupi, na mtu huyasoma haraka. Lakini mpaka ulioandikwa katika Katiba hauna budi kulindwa mlangoni pa kila kanisa, nami nakiri kwamba sikuulinda.

Miaka michache iliyopita mtu mmoja mwenye madaraka kijijini alinijia Jumamosi jioni na karatasi. Ilikuwa na majina ya watu ambao hawajatoa mchango wa jengo fulani la umma. Akaniomba niyasome kanisani baada ya matangazo ya ndoa, kwa kuwa huko ndiko watu hukusanyika. Jengo lilikuwa jema, na mwenye kuomba alikuwa muungwana. Nikayasoma. Jina la tano lilikuwa la mama mmoja mjane, aliyeketi mbele yangu katika benchi la tatu. Hakusema neno. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala Pasaka.

Nilikwenda nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Aliniuliza swali moja tu: siku ile nilikuwa nikisema kwa jina la nani. Sikuwa na jibu. Tangu wakati ule karatasi za namna hiyo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, hatua kama mia mbili kutoka kanisani, na mwenye madaraka tuliyebishana naye kidogo sasa tunasalimiana vizuri. Mama yule alirudi wakati wa Majilio. Huketi benchi la nyuma.